Pua ya Papa Kasongo

Nyinyi vijana mnaosimama leo nyuma ya kaunta na mizani ya kidijitali na kimashine cha kupuliza moshi ndani ya glasi, nawapenda sana, ila wakati mwingine mnanipandisha presha. Juzi niliingia baa moja ya South Beach hapa Durban kununua maji, jua lilikuwa kali, nikamkuta kijana wa kwetu Kivu, aproni safi, tabasamu tayari. Alikuwa anamimina bourbon kwenye glasi iliyotoka kwenye friza, ina ukungu mpaka huoni ndani. Nikamuuliza kama ameionja leo. Akanijibu, "Mama, hii iko ya bei kali, iko nzuri tu." Nikalipa maji yangu nikaondoka, maana ningebaki ningemgombeza mbele ya wateja wake, na mimi si bosi wake.

Basi maneno niliyoyameza siku ile nayatapika hapa. Mimi ni Mama Esperance, mzaliwa wa Bukavu, mkazi wa Umbilo, ghorofa ya nne, lifti mbovu. Nimestaafu mwaka jana baada ya miaka ishirini na miwili katika hoteli moja ya ufukweni. Nilianza kama mwosha glasi, nikamaliza nikiwa mkuu wa baa, na kwa miaka yote hiyo nimeonja bourbon nyingi kuliko wanaume wote mnaowasikia wakijisifu, wala sijalewa hata siku moja. Nilikuwa natema. Mama mmoja wa kwaya yetu haamini mpaka leo. Aliniuliza mlangoni mwa kanisa, "Weye, unaweka wiski mdomoni asubuhi nzima na haiingii hata kidogo?" Nikamwambia dada, kama ingekuwa inaingia ungeniona nikiimba soprano yako.

Ninayetaka kuwaeleza hasa ni aliyenifundisha. Papa Kasongo alikuwa mtu wa Likasi, mfupi, mpole, mwenye vidole virefu visivyolingana na mwili wake. Alifika Durban kabla ya wengi wetu, akabeba kreti za pombe kwenye ghala la Clairwood, na pale alijifunza kunusa kwa chupa zilizovunjika. Wenzake walikuwa wanafagia vioo, yeye anapiga magoti kunusa sakafu. Nilipoanza kazi hotelini yeye ndiye alikuwa mkuu wa baa. Hakufuga masharubu kwa sababu aliamini yanatunza harufu ya jana. Mhudumu mmoja aliwahi kuja zamu ya kuonja akiwa amekula makayabu, wale samaki wa chumvi, Papa Kasongo akamrudisha nyumbani akaoge, na siku hiyo yeye mwenyewe akafanya kazi ya watu wawili bila kulalamika.

Wiki yangu ya kwanza mbele ya wateja nusura nifukuzwe. Alikuja mzee mmoja na mkewe, watu wa Johannesburg walio likizo, akaagiza bourbon kavu, bila barafu. Nikamimina vizuri, nikainua ile glasi mbele yake, nikanywa kidogo, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Mzee akaangalia alama ya mdomo wangu kwenye glasi, akaniangalia mimi, akamwangalia mke wake. Mimi sikuelewa kosa liko wapi. Kwetu, mwenye nyumba akikupa kinywaji bila kuonja mbele yako amekudharau, amekuacha ukae na wasiwasi wa sumu. Mama yangu aliuza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, miaka mingi na hakuna mgeni aliyepokea kikombe kabla mama hajagusa. Mimi nilidhani nampa heshima.

Papa Kasongo akaja mbio, akaomba radhi, akampa mzee glasi nyingine, kisha akanipeleka stoo. Nilikuwa tayari nimeanza kufungua aproni. Yeye akacheka mpaka akashika rafu. "Esperance, roho yako iko muzuri. Mais, lakini hapa hatuonji na mdomo wa glasi." Akanipa kifurushi cha mirija. Unachovya mrija, unaziba juu na kidole, unainua, unaangusha tone ulimini, unatupa mrija. "Usiache kuonja," akaniambia. "Badilisha tu chombo." Tangu siku ile hakuna kokteli iliyotoka mikononi mwangu bila mrija kupita kwanza. Nyinyi mnaona ni jambo la kawaida la baa. Mimi kila nikichovya nilikuwa namwona mama na kikombe chake.

Sasa sikilizeni alivyonifundisha bourbon yenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi mnapoharakisha. Hii ni wiski ya Wamarekani, zaidi ya nusu ya nafaka yake ni mahindi, na inalazwa kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Sisi tuliokulia karibu na lotoko, gongo yetu ya mahindi, tunajua mahindi yakiwa pombe yanavyoweza kukuunguza koo. Nilipoinusa bourbon nzuri mara ya kwanza nilishindwa kuamini kwamba ni mahindi hayahaya, yamelala tu kwa subira kwenye pipa. Niliipenda palepale, na sioni haya kusema.

Onjeni asubuhi, kama saa nne, kabla joto la Durban halijapanda, maana chumba kikiwa cha moto pombe inaruka kutoka kwenye glasi na kukupiga puani, husikii kingine. Tumieni glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, isiyofutwa na kitambaa chenye sabuni ya manukato. Mimina kidogo, funika na kisosi, subiri dakika chache. Ukifunua usizamishe pua kama unayetafuta kitu kilichoanguka ndani. Simama mbali kidogo, acha mdomo wazi, peleka pua kulia, kisha kushoto. Rangi isikudanganye, na yale machozi yanayotiririka ukutani mwa glasi yaache yatiririke. Funda la kwanza ni la kuamsha ulimi, usilihukumu. La pili ndilo utakaloandika: linaanzaje, lina uzito gani, linauma wapi, linakaa muda gani baada ya kutema. Kisha matone mawili ya maji, unanusa upya, maana iko harufu iliyojificha mpaka ilainishwe.

Na ukishamaliza hayo yote hujamaliza. Papa Kasongo alikuwa hatii saini chupa yoyote kabla hajaipitisha kwenye kokteli ya Old Fashioned, pamoja na sukari, matone machungu ya bitazi, ganda la chungwa na barafu kubwa, halafu kwenye wiski ya limau yenye ute wa yai. Alisema mtu akiwa peke yake nyumbani ni mpole, mtie kwenye basi la harusi ndipo utamjua. Hapo ndipo nilipompenda kama mwalimu, kwa sababu hakuwa na haraka ya kusifu wala ya kuponda.

Halafu ikaja ile homa iliyofunga dunia. Baa zikafungwa, tukakaa majumbani tukihesabu mchele, Papa Kasongo akaugua vibaya, akapona. Tuliporudi kazini alikuwa amekonda kidogo, lakini yuleyule. Kitu kimoja tu kilibadilika: akaanza kunionjesha kila kitu. Chupa mpya, "Esperance, anza weye." Sharubati ya tangawizi, "Esperance, sema." Mimi nikavimba kichwa. Nikawaambia kanisani kwamba mzee sasa ananiandaa, kwamba pua yangu imefika. Miezi mitatu nilitembea kwa maringo pale Umbilo Road, nyinyi mngenicheka.

Siku moja nilitoka moja kwa moja kwenye sherehe ya binti wa kanisani. Mama wa bibi harusi alikuwa amenimwagia manukato kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, nikakosa muda wa kuoga, nikaingia zamu nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Papa Kasongo akasimama bega kwa bega na mimi, akanipa glasi, akauliza, "Unasikia nini?" Mhudumu aliyekuwa mbali kwenye mashine ya kahawa alikuwa anapiga chafya kwa sababu yangu. Papa Kasongo hakukunja hata pua. Nikamwangalia usoni na nikaelewa yote kwa mara moja. Maringo yangu yakaniishia miguuni.

Nilimvuta stoo. "Papa, mi naomba unambie kweli. Leo ninanuka nini?" Akakaa juu ya kreti. Akasema kwa sauti ndogo, "Tangu ile homa. Kahawa, sabuni, makayabu, kwa pua yote iko kama maji. Nilifikiri itarudia. Hairudi." Alibakiza miaka miwili apate pensheni yake. Mkuu wa baa asiye na pua ni nani? Angerudishwa kubeba kreti akiwa na umri ule, au angeambiwa asante na kufunguliwa mlango.

Na mrithi wa kiti chake nilikuwa mimi. Hilo nililijua, yeye alilijua, na siku chache baadaye Madame Reshma aliyekuwa meneja wa vinywaji akalisema wazi. Alikuwa mwanamke wa Durban, Mhindi, mwenye haki lakini mkavu. Tulizungumza Kiingereza, naandika tu maana yake. Akaniita ofisini: "Esperance, nimemwona Kasongo anatia maziwa yaliyoanza kunuka kwenye chai bila kushtuka. Kama pua yake imekwisha, kiti chake ni chako. Nataka ukweli." Nikasema, "Pua yake ni nzima, Madame. Maziwa ya hoteli ndiyo mabovu." Nilimpenda sana yule mzee, na sikutaka kiti chake kwa njia ile.

Shida ni kwamba wiki iliyofuata ndiyo ilikuwa ya kuchagua bourbon ya nyumba, ile moja itakayotumika kwenye kokteli zote za hoteli mwaka mzima. Nikapanga mpango. Nikamwambia Papa Kasongo: nikigusa hereni, iko vanila na asali. Nikigusa shingo, iko pilipili. Nikitazama saa, chupa ni mbovu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Tutaona."

Siku yenyewe Madame Reshma alikuja na mchuuzi wa kampuni inayoagiza pombe. Chupa tatu zilikuwa ndani ya mifuko ya karatasi, zimeandikwa moja, mbili, tatu. Akatugawia karatasi na kalamu, kisha akatuweka meza mbalimbali, tumepeana migongo. Hereni kubwa nilizovaa kwa ajili ya kazi ile zikaning'inia bure. Nyuma yangu nilisikia kisosi kikiinuliwa, funda, ukimya, maji yakimiminwa, halafu kalamu. Aliandika kwa muda mrefu kuliko mimi na nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo.

Pua yangu siku hiyo ilikuwa kali. Nambari moja ilinuka karanga na ganda la chungwa lililoungua, na ilikuwa na ubishi. Nambari mbili, jamani! Asali, vanila, ndizi iliyoiva mpaka imeanza madoa, na laini mdomoni mpaka nikasikitika kuitema. Nambari tatu ilikuwa na harufu ya karatasi iliyolowa. Nikaandika bila wasiwasi kwamba mbili ndiyo ya nyumba, kwa kila kitu.

Madame Reshma akasoma yangu kwa sauti, mchuuzi akatabasamu, maana nambari mbili ilikuwa ya bei kali. Kisha akafungua ya Papa Kasongo. Mahali pa harufu, kwa chupa zote tatu, alikuwa ameandika: Sisikii kitu. Pua yangu ilikufa na ile homa. Muulizeni Esperance.

Mchuuzi akaanza kukagua viatu vyake. Mimi nilitaka sakafu inimeze. Madame Reshma hakuinua macho, aliendelea kusoma. Mahali pa mdomo Papa Kasongo alikuwa amejaza karatasi mpaka nyuma. Nambari tatu inaanza vizuri halafu inakatika, mwisho wake una uchungu wa chai iliyolala. Nambari mbili ni nzito na laini, inakaa muda mrefu, mpeni mtu anayeinywa kavu, lakini msiitie limau, itapotea. Nambari moja inauma ncha ya ulimi na mashavu, peke yake haina adabu. Hiyo ndiyo ya kokteli.

"Tengenezeni," Madame Reshma akasema.

Tukatengeneza, yeye na mimi, bila kutazamana. Nambari moja na nambari mbili, kila moja kwenye Old Fashioned, kila moja kwenye limau. Nikachovya mrija kwenye limau ya nambari mbili. Asali yangu, vanila yangu, ndizi yangu, zote zimekwenda. Nilikuwa nakunywa maji ya limau yenye sukari. Nikachovya kwenye ya nambari moja, na ule ubishi wake ukawa umesimama katikati ya glasi wima kabisa, chungwa limejitokeza, pilipili inachekesha ulimi. Kwenye Old Fashioned tuliiacha ikae, barafu ikayeyuka karibu nusu, na bado ilikuwa inasema. Nilikosea, na nilikosea nikiwa na pua nzima. Papa Kasongo alikuwa amesoma yote yale kwa ulimi na mashavu tu.

Madame Reshma alionja mara mbili, akaweka glasi chini, akanigeukia mimi. "Uliniambia pua yake ni nzima."

"Ndiyo, Madame."

"Nilikuomba ukweli."

Papa Kasongo ndiye aliyejibu, kwa Kiingereza chake cha polepole, kwamba kwenye karatasi Esperance ameandika kile alichokinusa, na lile la ofisini lilikuwa upendo, naomba umsamehe. Madame Reshma akaisoma tena karatasi ya Papa Kasongo. Kisha akachukua kibanio, akabana karatasi zetu mbili pamoja, akasema kuanzia leo chupa haiingii hoteli hii bila saini mbili. Harufu ni ya Esperance, mdomo ni wa Kasongo, na Kasongo ataendelea kuwa mkuu wa baa mpaka tarehe yake ya kustaafu. Akaondoka na mchuuzi wake. Mimi nikakaa kwenye stuli nikalia, kwa aibu na kwa furaha, sijui ipi ilikuwa nyingi.

"Mais Esperance," Papa Kasongo akaniambia akinipa kitambaa, "kweli ulitaka niandike hereni? Mteja atakunywa hereni yako?"

Tukacheka mpaka mhudumu akaja kuchungulia. Nikaanza kukusanya glasi nizioshe, akanishika mkono. Akachukua ile ya nambari mbili, ile tuliyoionja kavu, ilikuwa imekauka, imebaki na ukungu mwembamba chini. Akanisukumia. "Nusa hiyo."

"Papa, iko tupu."

"Nusa tu."

Nikanusa. Sikuwahi kunusa glasi ya kuonja iliyokauka maishani mwangu, kwa sababu glasi za kuonja alikuwa akiziosha mwenyewe. Asali ilikuwa imekwenda, vanila imekwenda. Nikamwambia nasikia mbao. Mbao kavu, na unga wa mbao. Akafunga macho. "Ongeza." Nikamwambia iko tumbaku kidogo, kama shati la mtu anayevuta. Na kitu cha moto, kama gundi inayochemshwa kwenye kopo.

Machozi yakamtoka na hakuyafuta. Akaniambia baba yake alikuwa seremala kule Likasi, alivuta tumbaku ya kusokota, alichemsha gundi yake kwenye kopo la maziwa, na alikufa Kasongo akiwa bado mdogo. Sura yake haikumbuki vizuri. "Glasi tupu ya bourbon ilikuwa atelier, karakana ya papa yangu. Siku zote nilikuwa ninaosha glasi mwenyewe juu ya hiyo. Kazi, eish, kazi ningeipata ingine hata ya kreti. Hii ndiyo ilikuwa inanikatalia usingizi."

Nikakaa karibu yake, nikachukua glasi ya nambari moja, nikanusa, nikamwambia hapa msumeno umepita sasa hivi. Nambari tatu nikamwambia hakuna mtu, ni karatasi tu, akaitikia kwa kichwa.

Tulifanya kazi hivyo miaka miwili mingine, saini mbili kwenye kila karatasi. Kila tulipomaliza kuonja alisubiri glasi zikauke, akanisogezea, akafunga macho na kuuliza, "Papa iko?" Nami nilinusa vizuri kwanza, kisha nikamjibu kweli.